Biri kwa Ajili ya Kaburi

Wanaosema biri ni starehe hawajawahi kuivuta kwa ajili ya kaburi. Mimi nimeivuta. Nimeivuta mpaka nikaona meza mbili palipokuwa na meza moja, na bado nasema moshi ule haukuniuma kama maneno niliyoambiwa ndani yake.

Nianze na gari la matangazo. Lilipita asubuhi nikiwa nimeshawasha tanuri, nafua bawaba za mlango wa mtu. Spika juu ya paa, sauti ya kijana aliyeshiba: wananchi mnatangaziwa kwamba kona ya chini ya makaburi itasawazishwa ili kupisha maegesho ya magari ya ukumbi mpya wa halmashauri. Makaburi yasiyo na wenyewe yatafukiwa. Asanteni kwa ushirikiano wenu.

Asanteni! Mtu anakuja kukuchukulia mkeo mara ya pili, halafu anakushukuru.

Nasema mara ya pili kwa sababu mara ya kwanza walinichukulia hospitalini. Hospitali ile ina geti zuri, nalijua, nililifua kwa mikono hii. Ina bustani. Ina picha ukutani ya kila mkubwa aliyewahi kuja kuifungua, maana imefunguliwa mara nyingi kuliko mlango wa choo. Dawa ndiyo haikuwa nayo. Dawa zilikuwa stoo, na mwenye ufunguo wa stoo alikuwa semina. Mke wangu alilala pale akimsubiri mtu wa semina. Mtu wa semina aliporudi, na begi jipya begani, alikuta kitanda kimeshatandikwa.

Mtaani walimwita Wembe, kwa ajili ya ulimi wake. Alikuwa akikwambia neno moja tu, unaondoka unacheka, ukifika kwako ndipo unaona umechanwa. Tulimzika kona ya chini kwa sababu kona ya chini ndiyo yetu sisi tusio na saruji. Nilimfulia uzio mdogo wa chuma, una maua kila pembe, na maua yale niliyapiga nikiwa silioni vizuri lile ninalolipiga, kwa hiyo moja limepinda shingo. Sikulinyoosha. Sasa nambieni ninyi mnaojua kusoma: kaburi lenye uzio, lenye maua ya chuma, linalopaliwa kila wiki, hilo ndilo lisilo na mwenyewe? Mimi ni nani basi? Mbuzi anayepita?

Nikavua aproni, nikaenda halmashauri.

Pale kuna benchi. Kila anayetaka kumwona Mheshimiwa, mkubwa wa halmashauri, hukaa kwenye benchi la mbele, chini ya dirisha la karani, na benchi limekaliwa mpaka limefanya bonde katikati. Niliwakuta wenzangu wa kona ya chini wameshajipanga. Mwisho wa benchi alikuwa Bibi Kitambaa, ajuza aliyepewa jina hilo kwa sababu hajawahi kuonekana bila kitambaa begani. Mjukuu wake, aliyekuwa akiishi naye, amelala jirani kabisa na mke wangu. Nikipalia kwangu, napalia na kwake, maana mgongo wake haukubali tena kuinama.

Nikamwendea karani dirishani. "Namtaka Mheshimiwa."

"Yuko kikaoni."

"Huyu bibi anasema na jana alikuwa kikaoni."

"Ni kikao kilekile."

"Kinaisha lini?"

"Kikiisha mtaambiwa." Akavuta pazia.

Tukakaa. Na wakati tumekaa, upande wa pili wa jengo tulisikia kicheko, kile cha kutoka tumboni, na harufu ikatujia juu ya paa, nzito, tamu kidogo, kama ngozi iliyochomwa pamoja na asali. Bibi Kitambaa akanusa. "Kikao kinaungua," akasema.

Tulikaa mpaka wakafunga ofisi. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu niliporudi jioni, shemeji yangu alikuwa ameketi mlangoni kwa karakana yangu ananingoja. Huyu ni mdogo wake marehemu, kinyozi, mwembamba, ulimi ni uleule wa dada yake. Ukoo mzima ni nyembe.

"Shemeji, utakaa kwenye benchi lile mpaka uote uyoga," akanambia. "Nani kakudanganya kwamba mambo huamuliwa ofisini?"

"Huamuliwa wapi?"

"Kibarazani. Upande wa nyuma."

Ndipo akanieleza. Yeye huenda kumnyoa Mheshimiwa kila wiki, kwa hiyo anajua. Kila alasiri, akishakula, Mheshimiwa hutoka nje hadi kibaraza cha nyuma, anavua viatu, anakaa kwenye kiti cha kuegemea na kuwasha biri. Biri ni ile sigara nene ya kahawia, majani matupu ya tumbaku yaliyoviringwa, haina karatasi, ndefu kama mpini wa patasi. Anayejua kuvuta hukaribishwa akae naye. Asiyevuta hubaki benchi. Hakuna mahali palipoandikwa hivyo. Ni mazoea yake tu, lakini mazoea ya mkubwa ni sheria kwa mdogo. Mkandarasi wa barabara alipewa barabara pale. Mwalimu mkuu alihamishwa pale, moshi uko hewani, na yeye mwenyewe kakaa benchi la mbele anasubiri kusikilizwa.

"Na ana masharti," shemeji akaendelea. "Hataki kusikia shida ya mtu mpaka jivu la biri liwe refu kama pingili ya kidole. Ukimwahi, umemvunjia adabu. Na akishaiweka chini, ndiyo basi, hasikii tena hata ukimwambia nyumba inaungua. Shida yako iingie hapo katikati."

"Mimi sivuti."

"Ndiyo nakwambia uvute."

"Dada yako angesema nini?"

"Angesema kwa sura hiyo ya bomba la moshi, umechelewa sana kuanza."

Nilicheka, Mungu anisamehe, nikiwa na hasira hadi kwenye kucha. Mtu mzima, mvi kichwani, naambiwa nikajifunze kuvuta ili nisikilizwe kuhusu kaburi la mke wangu! Lakini ungekuwa wewe ungefanya nini? Ungerudi benchi?

Basi nikaanza shule, mimi ambaye shule ya kweli niliiacha nikiwa bado nafuta kamasi kwa mkono. Darasa lilikuwa nyuma ya kibanda cha kinyozi, saa za mchana ambazo hana wateja. Biri alikuwa nazo. Mheshimiwa humtupia moja mara kwa mara, kama mtu anavyomtupia paka kichwa cha samaki, naye havuti sana, alizitunza kwenye kopo lenye kipande cha kitambaa kibichi ndani. Alisema biri ikikauka huwaka kama nyasi, haina maana tena.

Somo la kwanza lilikuwa kukata. Mdomo wa biri umezibwa na kipande cha jani, kama kofia. Unakata kofia tu ili moshi upate njia. Mimi nikachukua mkasi wangu wa bati. Nilikata kama ninavyokata bati, kwa moyo mmoja, na biri ikafunguka yote mkononi ikawa kama mkeka wa zamani.

"Nimesema kofia, shemeji! Umemkata hadi mabega!"

Ya pili nilikata vizuri. Nikaichukua hadi kwenye kijungu cha makaa anachochemshia maji ya kunyolea, nikashika kaa kwa kibano, nikataka kuwasha. Akanipokonya.

"Unataka kuvuta tumbaku au unataka kuvuta mkaa? Washa njiti ya kiberiti. Subiri harufu ya baruti iishe. Usiutie moto mdomoni mwa biri, usogeze chini yake tu, uigeuzegeuze, kama mtu anayebanika kitu asichotaka kukiunguza. Ikishakuwa nyekundu duara lote ndipo unavuta."

Nikafanya. Ikawa nyekundu, duara lote, inapendeza macho. Nikaiweka mdomoni, nikavuta kidogo, nikaitoa nikaitazama. Kule mbele kulikuwa kumeanza kufifia.

Hapa lazima mnielewe. Mimi nimekua mbele ya tanuri. Baba yangu alikuwa akinipiga kibao si kwa kuvunja kitu bali kwa kuacha moto ufifie. Mhunzi akiona moto unalala, mkono unakwenda kwenye mivukuto wenyewe, haungoji akili. Kwa hiyo nilipoona ile biri inafifia, nikafanya lililo katika damu yangu. Nikairudisha mdomoni nikapuliza.

Majivu na cheche vilimwendea shemeji usoni. Aliruka kwenye kiti huku akijipiga kifuani kwa taulo.

"Inavutwa!" alipiga kelele. "Inavutwa, haipulizwi! Hivi dada alikaa na wewe miaka yote ile vipi?"

"Alikaa mbali na tanuri."

Baada ya kupuliza kukawa na kumeza. Nilivuta nikapeleka moshi kifuani, kama ninavyowaona wavuta sigara wa kituoni, na kifua kikanifunga. Nikakohoa mpaka mteja aliyekuwa anakuja kunyolewa akageuza njia. Shemeji akanisubiri nimalize, akanipa maji. "Moshi wa biri hauna kazi na mapafu yako. Unaishia mdomoni. Unauonja kama unavyoonja chai kujua kama ina sukari, halafu unauachia uende zake. Na usivute harakaharaka. Vuta mara moja, kaa, ongea, angalia watu wanaopita. Ikizima, si aibu, unawasha tena."

"Kwangu moto ukizima ni aibu."

"Ndiyo maana unaitwa mwanafunzi."

Lakini sikuweza kuiacha ilale. Kila ikififia mkono wangu unapanda. Nilivuta, nikavuta, ncha ikawa nyekundu kama chuma kilicho tayari kupigwa, na moshi ukawa wa moto, mchungu, unauma ulimi. Kabla sijafika nusu, jasho baridi likanitoka mgongoni, mate yakajaa mdomoni, ukuta wa kibanda ukaanza kupumua. Nilitapika nyuma ya pipa la maji.

Shemeji akanipa chai yenye sukari nyingi. "Ulikula nini mchana?"

"Sijala."

"Haa! Biri huvutwa na mtu aliyeshiba, shemeji."

"Ndiyo maana ni ya wakubwa," nikasema.

Tuliendelea, mchana kwa mchana, mpaka nikaweza kuvuta biri karibu yote nikiwa nimekaa wima. Na wakati huo tingatinga lilikuwa limeshaletwa, limeegeshwa nje ya ukuta wa makaburi. Kila nikienda kupalia naliona, la njano, limetulia kama ng'ombe anayengoja kufunguliwa.

Siku yenyewe nilikula hadi nikaona haya. Shemeji alinipitisha uchochoro wa nyuma na kisanduku chake cha wembe. Mheshimiwa alikuwa kwenye kiti cha kuegemea, viatu pembeni, soksi zake zina tundu kwenye kidole gumba. Tundu lile lilinikera. Nilikuja nimejiandaa kumchukia mtu asiye na tundu.

"Huyu ndiye yule shemeji yangu, mzee," kinyozi akasema huku anampaka povu. "Naye ni mtu wa biri."

"Fundi chuma! Geti la hospitali ni lako, sivyo? Kaa, kaa."

Mheshimiwa akanisukumia kisanduku cha biri. Nikachagua moja. Nikakata kofia peke yake. Nikawasha njiti, nikasubiri baruti iishe, nikaibanika polepole. Nikavuta, nikauonja, nikauachia. Yeye akawa ananitazama juu ya povu, na nikaona uso wake unafunguka, kana kwamba hapo kabla nilikuwa kiti na sasa nimegeuka mtu. Hilo sitamsamehe hata kama nitamsamehe mengine.

Tukaongea upuuzi. Alinisimulia alivyovuta biri ya kwanza akiwa karani mdogo, akatapika ndani ya kofia ya bosi wake. Alisimulia vizuri, tulicheka sote watatu. Huku jicho langu liko kwenye jivu lake. Likarefuka. Likafika pingili. Shemeji akanikanyaga mguu.

"Mheshimiwa," nikasema, "ile kona ya chini ya makaburi. Mke wangu yupo pale."

"Aa." Akaitazama biri yake. "Pole sana. Lakini fundi, pale ni kichaka. Ukumbi ukifunguliwa watakuja wageni wakubwa. Wataegesha wapi? Wafu hawana haraka. Wageni wana haraka."

"Mmetangaza hayana wenyewe."

"Lugha ya kiofisi hiyo, usiitie moyoni."

"Wenyewe wapo. Wapo mbele hapo, kwenye benchi."

Alicheka hadi ikabidi wembe uinuliwe. "Benchi! Nikufundishe siri ya uongozi, fundi. Benchi lile halikuwekwa kwa bahati mbaya. Mtu akija na hasira, mkalishe. Akikaa sana, hasira inashuka yenyewe. Inaishia matakoni."

Nikavuta. Sikujijua. Nilivuta kama mivukuto, mara moja, mara mbili, mara tatu, nikamwona mke wangu kwenye kile kitanda anaulizia kama mwenye ufunguo amerudi, na ncha ya biri ikawaka nyekundu hata kidevu changu kikahisi joto.

"Taratibu, fundi," akasema Mheshimiwa. "Utatuchomea nyumba. Haya, sikiliza. Nimekupenda. Wewe si kama wale. Lile la mkeo nitamwambia dereva alizunguke. Tutalijengea kijiukuta, liwe kama pambo katikati ya maegesho. Umeridhika?"

"Na mengine?"

"Mengine ni mengine. Na usiwaambie. Wakijua wewe umepata, kila mmoja atataka, na hapo hata lako sitaweza kuliokoa. Tumeelewana?"

Nikasema ahsante. Neno lilitoka lenyewe, kama kikohozi. Akaiweka biri yake kwenye kisahani cha majivu, hakuizima, aliiacha ife taratibu, na nikajua kikao kimekwisha. Akanipa biri nyingine ya njiani. Kesho asubuhi tingatinga linaingia kazini, akaniambia, kwa hiyo nimefika wakati mzuri.

Sijui kwa nini sikurudi na uchochoro wa nyuma. Kichwa kilikuwa kinazunguka, nikafuata korido, nikatokea mbele. Wote walikuwa pale kwenye benchi, shingo zikageuka pamoja. Bibi Kitambaa alinyanyuka kwa kushikilia ukuta.

"Umemwona, mwanangu?"

"Nimemwona, bibi."

"Kasema nini?"

Nilikuwa na uongo tayari. Ulikuwa mdogo, mwepesi: kasema atalitazama. Maneno mawili tu, kila mtu angenipongeza kwa kuyaleta, na kesho mke wangu angebaki na uzio wake. Nataka muelewe kwamba nilitaka kuyasema. Nilifungua mdomo niyaseme. Kilichotoka si maneno. Ile biri niliyoivuta kwa hasira ilipanda na chakula chote cha mchana, nikaangukia magoti kwenye ngazi za halmashauri, nikatapika kama mtoto.

Wengine walirudi nyuma. Bibi Kitambaa akashuka ngazi, mgongo ule usiokubali kuinama ukainama, akanishika paji la uso kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akavuta kile kitambaa begani, akanifuta mdomo. Akanifuta na ndevu. Akakunja upande mchafu ndani, akanifuta tena.

"Pole, baba," akasema. "Wamekulisha nini huko?"

Sasa utamdanganyaje mtu ambaye matapishi yako yako kwenye kitambaa chake?

Nikawaambia yote. Nikiwa nimekaa palepale kwenye ngazi, na sauti yangu ilikuwa kubwa, karani akafungua dirisha na kulifunga tena. Nikawaambia kuhusu kesho asubuhi, kuhusu kijiukuta, kuhusu wageni wenye haraka. Nilipofika kwenye benchi na matako, walisimama wote. Hakuna aliyewaamrisha. Walisimama tu, kama waliokalia kaa la moto.

Shemeji alitokea nyuma mbio, povu mkononi. "Shemeji, umefanya nini? Alikuwa ameshakupa!"

"Najua."

"Dada yangu yupo pale!"

"Najua, bwana!"

Akafuta povu kwenye suruali yake. "Basi kesho sifungui kibanda," akasema.

Asubuhi dereva wa tingatinga alitukuta tumeshafika. Kila mtu alikuwa amekaa kwa mtu wake. Mimi niliingia ndani ya uzio, nikakaa na magoti kidevuni, maana niliupima kwa ajili ya mtu aliyelala. Bibi Kitambaa alikuwa jirani kwa mjukuu wake. Dereva akawasha mashine, akaisogeza hadi tukahisi ardhi inatetemeka chini yetu. Akatoa kichwa.

"Jamani, mimi natumwa tu!"

"Na sisi tunakaa tu!" shemeji akamjibu.

Alitazama lile bapa la chuma la mbele, akatutazama. Alikuwa na uso wa mtu ambaye naye ana mtu wake mahali. Akazima mashine, akashuka, akaenda kukojoa nyuma ya ukuta, akalala kivulini.

Mheshimiwa alikuja mwenyewe kabla ya saa za chakula. Alishuka garini akakanyaga tope, na kwa mara ya kwanza nikamwona bila biri. Mkono wake wa kulia haukujua pa kwenda. Uliingia mfukoni, ukatoka, ukashika tai. Wala hapakuwa na kiti.

"Karibu ukae, Mheshimiwa," Bibi Kitambaa akamwambia, akapiga udongo kwa kiganja. "Hapa hatuna kikao. Sema tu."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akaja mpaka kwenye uzio wangu, akainama ili wengine wasisikie.

"Fundi. Nilikupa."

"Hukunipa. Ulinirudishia changu, ukataka nishukuru."

"Basi na lako limekwenda."

"Basi tingatinga lianze na mimi. Mwambie dereva."

Tulitazamana. Sikuwa na moshi wa kujificha wala yeye hakuwa nao. Nilimwona jasho juu ya mdomo, na kidonda kidogo pale shemeji alipomkata jana aliposhtuka na makelele ya ngazini. Nilimwambia la hospitali. Nilimwambia juu ya ufunguo, semina na kitanda kilichotandikwa. Hakuwa amejua, au alijifanya. Alisema hospitali ina kamati yake. Nilimwambia kaburi nalo lina kamati yake, imekaa hapa chini.

Akarudi garini. "Tutaona nani atachoka," akasema, na mlango ukafungwa.

Hapo ndipo tulipo mpaka leo. Watu wananiuliza tumeshinda? Hatujashinda chochote. Tingatinga lipo palepale nje ya ukuta, gari la matangazo hupita kutuambia tunazuia maendeleo, shemeji amefukuzwa kunyoa ndevu za wakubwa, na mke wangu hajafufuka. Kaburi lipo. Hilo tu ndilo ninalolijua. Usiku wanakaa vijana wa mtaa, mchana tunakaa wenyewe, na mimi kwa sababu sina mtu wa kunishikia karakana, nimebeba fuawe yangu kwa mkokoteni, na mivukuto, na gunia la makaa, nimefungua kazi hapa ukutani, kando ya uzio wenye ua lililopinda.

Jana alikuja yule mwenye bawaba, amekasirika, amezunguka mtaa mzima akinitafuta.

"Fundi, mlango wangu umelala chini tangu tangazo lile! Nije lini?"

"Zitakuwa tayari kesho."

"Kesho nikukute wapi?"

"Hapahapa."

"Na keshokutwa, nikichelewa?"

"Hapahapa," nikamwambia, nikachukua nyundo. "Sitoki."